Kisu cha Mkono wa Kushoto

9 Januari

Kwako Shangazi mpendwa,

Ninaanza barua hii kwa ahadi: nitakueleza kila kitu, hata yale ambayo ningependa kuyaruka. Mwalimu wetu wa lugha anasema barua inayoficha jambo huonekana tu, kama shati lililochomekwa upande mmoja. Sitaki yangu iwe hivyo.

Shikamoo. Natumaini u mzima na kazi ya kiwandani inakwenda vizuri. Sisi hatujambo, isipokuwa Baba, ambaye nitamfikia baada ya muda mfupi. Mama anashona sare za shule tangu asubuhi hadi jioni, na cherehani yake imeanza kukohoa. Mdogo wangu wa mwisho ameota meno na anamng'ata kila anayemsifia. Mimi nimeingia kidato cha pili na nimepata kiti karibu na dirisha. Najua hunifahamu sana. Mara ya mwisho uliponiona nilikuwa nabebwa mgongoni. Anwani yako nimepewa na Mama, ambaye aliniomba nisiseme kwamba imetoka kwake, lakini nilikuwa nimekwisha kuahidi.

Sasa jambo lenyewe. Mwaka jana Baba aliteleza akishusha mbolea kutoka kwenye lori, akavunjika kifundo cha mkono wa kulia. Mfupa umeunga. Kidole gumba ndicho ambacho hakijarudi, hakibani kitu. Akishika kikombe lazima asaidie kwa mkono wa pili. Mtaalamu wa mazoezi pale hospitalini amemwambia nguvu huenda ikarudi na huenda isirudi, na kwamba asiisubiri akiwa amekaa.

Kazi ya Baba unaijua kuliko mimi, lakini nitaieleza ili ujue kwamba nami ninaielewa. Kwenye kitalu cha miche yeye ndiye anayebebesha. Anaukata mche wa mlimau kwa mshazari, anakata kijiti cha mchungwa mtamu kwa mshazari ule ule, anavikutanisha ngozi kwa ngozi, kisha anafunga kwa utepe wa plastiki. Mikato miwili ikilaliana sawasawa, mti unashika na kuwa mmoja. Ikiacha nafasi hata ya unywele, kijiti kinakauka. Kwa hiyo kila kitu kiko kwenye ule mkato mmoja wa kisu.

Mwenye kitalu wafanyakazi wanamwita Miwani, kwa sababu ana miwani mbili, moja machoni na moja kichwani, na huitafuta ile ya kichwani. Si mtu mbaya. Amemshikia Baba nafasi yake mpaka mvua zije na magome ya miche yalainike, maana huo ndio msimu wa kubebesha. Baba akishindwa, ataletwa mtu mwingine, na yeye atapewa kiti langoni awe anafungua na kufunga. Baba amesema lango nalo ni kazi. Alisema hivyo akiangalia ukuta.

Amejaribu mkono wa kushoto. Nyuma ya nyumba amekata vijiti mpaka vikawa lundo, na kila mkato unatoka umebonyea kama tumbo la kijiko. Ukiikutanisha miwili unaona mwanga katikati. Siku moja alikikunja kile kisu chake cha mfukoni, kile kigumu cha Babu, akakitia kwenye droo chini ya nyuzi za Mama, akasema, "Mkono huu ni mjinga."

Hapa ndipo nilipo na neno langu, Shangazi, na kama ni upuuzi utaniambia. Juzi Mama alimwomba amkatie kitambaa kwa wembe. Alikata kwa mkono huo huo wa kushoto, na mstari ukanyooka kama wa rula. Basi nikakitoa kisu kwenye droo nikakitazama. Upande mmoja wa makali ni bapa kabisa. Mteremko uko upande mmoja tu. Wembe una mteremko pande zote mbili. Nadhani mkono si mjinga. Nadhani kisu ni cha mkono mwingine.

Je, mteremko unaweza kuhamishwa upande wa pili? Kinoo chetu cha jikoni kinateleza juu ya chuma hiki bila kuacha hata alama. Mama anasema katika ukoo mzima wewe ndiye unayejua mambo ya makali. Baba hakutaji. Nilipouliza sababu, Mama alisema hamkuelewana tangu zamani na nisichimbe. Sitachimba. Nauliza kuhusu kisu tu.

Mimi mwanao,
binti wa kwanza wa mdogo wako

*

2 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma wakati wa chai, kisha nimeisoma tena. Mwandiko wako ni mzuri. Mwalimu wako apewe kiti cha kuegemea.

Mimi ni mzima. Kiwanda bado kinachapisha madaftari na kalenda, na kazi yangu bado ni kunoa visu vikubwa vya kukatia karatasi. Chumba changu cha kunolea kiko mwisho wa jengo, kina dirisha moja linalotazama mahali malori yanapogeuzia. Vijana wa mashine wananiita Mama Makali, na wanadhani sijui kwamba hawazungumzii visu. Goti langu la kulia linalia ngazini. Hizo ndizo habari zangu.

Umeona sawasawa. Kisu cha kubebeshea kina upande mmoja bapa kwa sababu huo ndio unaolala kwenye kijiti na kuongoza mkato. Ukikihamishia mkono wa pili, ule ubapa unaangalia hewani, mteremko ndio unaogusa mti, na kisu kinachimba au kinapanda kinavyotaka. Visu vyangu vya karatasi ni hivyo hivyo.

Mteremko unahamishika. Kwanza lazima ukiue kisu. Namaanisha hivyo. Ukisimamishe wima, makali chini, ukisugue mpaka ule mteremko wa zamani uishe wote na makali yawe butu kama mgongo wa kijiko. Kitakuwa chembamba kidogo kuliko zamani. Chuma kipo cha kutosha. Baada ya hapo unajenga mteremko mpya upande ule mwingine.

Usimpe mtu mwenye mashine ya kusagia, hata akiwa mkarimu namna gani. Mashine inachoma. Ukiona chuma kimegeuka rangi ya samawati, ugumu wake umekwenda na haurudi. Tafuta kipande cha kioo cha dirisha, kiweke juu ya meza, kilazie msasa wa maji, ule mweusi wa mafundi wa magari, na maji mengi. Anza na msasa wa chembe kubwa, malizia na laini. Upake mteremko wino wa kalamu kabla ya kusugua; pale wino unapofutika ndipo unaposugua, pale unapobaki hujafika. Chuma hicho ni kigumu, utachoka. Ukichoka, acha. Mkono uliochoka hubadilisha pembe bila kukuambia.

Mengine uliyoniandikia nimeyasoma.

Usimwambie baba yako kwamba nimekujibu. Au mwambie. Fanya utakavyo.

Shangazi yako

*

11 Februari

Kwako Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Asante sana kwa jibu. Mama amecheka habari ya Mama Makali mpaka akatoboa kidole kwa sindano. Anakusalimu, na safari hii ameruhusu niseme. Pole kwa goti.

Kwa kuwa niliahidi kusema yote, nakuambia kwamba sikutaka kukichukua kisu kwa siri. Nilimwomba Baba. Alikuwa anachambua mchele kwa mkono mmoja. Alisema, "Chukua tu, hakinifai tena," bila kuuliza nakitakia nini, na hilo lilinichoma zaidi kuliko kama angekataa.

Nilikiua Jumamosi. Mama alisimama mlangoni akatazama kidogo kisha akarudi kwenye cherehani, akasema hawezi kuangalia kitu kizuri kikiharibiwa na mtoto aliyemzaa mwenyewe. Mwanzoni kilitoa sauti nyembamba, ya kukwaruza, na meno yakaniuma. Baadaye sauti ikawa nzito, na nilipopitisha kidole kwenye makali hayakuwa makali tena. Nilikaa pale nikiwa na kisu kisichokata kitu, maji meusi yakinitiririka hadi viwikoni, nikaogopa kweli.

Jirani yetu anayechomelea vyuma, tunayemwita Cheche, alinikuta. Aliniuliza ninaosha kijiko gani hicho kisichotakata. Nikamweleza. Akasema nimletee, dakika moja tu kwenye mashine yake na kitanyoa ndevu za Miwani. Nikamwambia Shangazi amekataza, kitapoteza ugumu. Akasema, "Haya, profesa. Ukizeeka na huo msasa uniite nikuletee mkongojo." Tangu hapo kila akipita uani anauliza kama nimepata mjukuu.

Chuma hiki ni kigumu kama ulivyosema. Jioni nzima ninasugua na wino unafutika kidogo tu, kama mwezi mwembamba ukingoni. Viganja vyangu vimeota malengelenge, lakini najua sasa pembe yangu ikikaa sawa, maana kisu kinatulia kwenye kioo na maji yanasukumwa mbele ya makali kama povu.

Jana Baba alipita akasimama nyuma yangu. Kioo kilikuwa kinateleza mezani. Alichukua kitambaa, akakilowesha kwa ule mkono wa kushoto, akakitandaza chini ya kioo, na kioo kikatulia. Kisha akauliza nimefundishwa na nani kupaka wino. Nikasema: Shangazi. Akachukua ndoo akaenda kuchota maji. Ndoo zote zilikuwa zimejaa.

Nyumbani kwetu mawingu yameanza kukusanyika mchana. Miche ya milimau imechipua majani mapya. Naomba uniambie namna ya kumalizia, kabla mvua hazijatuzidi mbio.

Mwanao

*

8 Machi

Kwako Shangazi,

Shikamoo. Hujajibu. Labda barua yako iko njiani, au labda niliandika jambo lisilofaa. Kama ni ile habari ya ndoo, nisamehe. Nilidhani ungependa kujua.

Mama hajambo, mtoto hajambo, ana meno manne na sote tuna alama.

Shangazi, nilimaliza bila kukusubiri. Mvua ya kwanza ilinyesha na Baba alirudi kutoka kitaluni akisema magome yanabanduka vizuri. Niliona siwezi kungoja posta. Mteremko mpya ulikuwa umefika hadi mwisho, na upande wa pili ulijikunja uzi mwembamba wa chuma unaokwaruza kidole. Nikaona huo uzi lazima utoke. Nikakigeuza kisu, nikakiinua kidogo tu, nikausugua mpaka ukaisha. Kikanyoa nywele za mkono wangu. Kikakata karatasi ya Mama ya kukatia ruwaza ikianguka hewani. Cheche mwenyewe alijaribu kwenye mkono wake, akaondoka bila kutoa mzaha.

Nilimpa Baba. Alikigeuza geuza, akatabasamu, akaenda uani na vijiti. Nilikuwa nimejificha nyuma ya nguo zilizoanikwa. Mikato ilitoka laini kuliko zamani, inang'aa, lakini bado imebonyea. Alifunga miche michache hata hivyo, kwenye makopo yetu ya nyumbani, na akaimwagilia kila siku. Wiki hii vijiti vyote vimekuwa vyeusi.

Hakukasirika. Alinishukuru. Alisema nimefanya kazi nzuri na kwamba kisu kitamfaa Mama kwa kufumulia nyuzi. Afadhali angekasirika. Jana nimemsikia akimuuliza Mama kama lile koti lake zito bado lipo, kwa kuwa lango la kitalu hufunguliwa alfajiri na kuna baridi.

Miwani amesema atasubiri mpaka mwisho wa mwezi, kisha atamwita yule mtu mwingine. Sijui nilikosea wapi. Nilifanya kila ulichosema, na kile ambacho hukusema nilikifanya kwa akili yangu. Labda mkono ndio mjinga, na mimi nimeufuata.

Mwanao

*

15 Machi

Mwanangu,

Futa hilo neno la mwisho. Hakuna mjinga hapo.

Nilichelewa, na posta haina kosa. Niliandika barua nikaichana, nikaandika nyingine. Hii naiandikia kazini, mashine zikiwa zimezimwa kwa chakula cha mchana, nisipate nafasi ya kuichana.

Kosa lako nimeliona kwenye neno moja: "nikakiinua". Ulipokiinua, hata kidogo, uliutia upande bapa mteremko wa pili, mwembamba hata huuoni. Sasa una kisu cha jikoni kizuri kupindukia. Kinanyoa, kinakata karatasi ikianguka, na hakiwezi kwenda moja kwa moja kwenye mti, kwa sababu hakina ubapa wa kulalia. Kunyoa nywele si kazi yake. Kila anayejifunza kunoa hufurahia nywele. Mimi nilifurahia kwa miaka.

Ndani ya kifurushi hiki kuna bamba dogo lililopakwa unga wa almasi. Linakula chuma kigumu kama hicho bila kelele. Paka wino upande wote bapa. Ulaze kisu kabisa, mgongo na makali viguse bamba kwa wakati mmoja, ubonyeze kwa vidole viwili, usugue. Wino utabaki kama mstari mwembamba kwenye makali: hapo ndipo ulipoharibu. Endelea mpaka mstari huo ufutike. Halafu rudi kwenye mteremko, misuguo michache myepesi. Uzi ukitokea, laza tena bapa uuondoe. Bapa hulazwa. Haliinuliwi kamwe, hata kama nyumba inaungua.

Ukimaliza usijaribu kwenye mkono wako. Kata kijiti, kigeuze, kata tena, kutanisha mikato miwili, kisha tazama juani. Ukiona mwanga, rudia. Usipouona, kisu kimekuwa kile ulichotaka.

Kisha mwambie mdogo wangu asivute kwa kifundo. Mkono wa kushoto wa mtu mzima bado ni mtoto. Kifundo chake kinapinda njiani. Abane kiwiko mbavuni, avute kwa bega, taratibu, mkato mmoja bila kusimama.

Utajiuliza nimeyajuaje. Mimi natumia mkono wa kushoto tangu kuzaliwa. Mambo haya nilijifundisha mwenyewe nikiwa na umri kama wako, kwa kisu kibovu cha jikoni, nyuma ya banda, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na nia ya kunifundisha. Nilipofanikiwa sikuwa na wa kumwonyesha. Basi.

Kengele imelia.

Shangazi yako

*

30 Aprili

Kwako Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo tena na tena. Mama anakusalimu na amekushonea kifuko cha kuwekea goti pamba ya joto. Ameukisia tu ukubwa wa goti kwa kujipima lake. Mtoto ametembea hatua mbili akamng'ata Cheche. Mimi nimekuwa wa pili darasani. Niliahidi kusema yote, kwa hiyo nasema pia kwamba wa kwanza ni yule anayekaa nyuma yangu na hanisumbui hata kidogo kwa jambo hilo.

Kifurushi kilifika siku mbaya. Baba alikuwa amevaa lile koti ili Mama ampunguzie mikono. Nilikifungua mbele yao, nikasoma barua yako kwa sauti, kwa kuwa sikuona tena sababu ya kusoma peke yangu. Nilipofika kwenye maagizo ya kiwiko, Baba alisema, "Rudia hapo." Nikarudia habari ya kiwiko. Akasema, "Hapana. Mwanzo wake." Nikasoma: kisha mwambie mdogo wangu. Mama alikata uzi kwa meno ingawa mkasi ulikuwa mkononi.

Nilimaliza ile aya ya mwisho, ya kisu cha jikoni na nyuma ya banda. Baba alilivua koti, akakaa kwenye stuli. Hakuzungumza nami, alizungumza na magoti yake. Alisema Babu alikuwa na kisu kimoja tu kizuri, na kwamba wewe ndiye uliyekuwa mkubwa na mwepesi wa kuelewa, ukiyajua macho ya vijiti, yale yanayochipua, kwa kuyagusa. Alisema ulipopewa kisu mikato yako ilitoka kama vijiko, na Babu akacheka, na yeye kwa kuwa alikuwa mtoto akacheka zaidi. Wakakuita Kijiko. Kisu akapewa yeye, na miaka mingi baadaye, Babu alipokufa na wewe ukamwomba yeye akugawie walau safu moja ya miche yake pale kitaluni, alikujibu kwa jina lile lile. Kisha aliniangalia.

"Tulimwambia mkono wake ni mbovu," alisema. "Kumbe tulikuwa tunampa kisu changu."

Alivuta meza karibu na mlango penye mwanga, akaweka bamba, akaniambia nilaze bapa na yeye atabonyeza, kwa kuwa vidole vya kushoto vinabonyeza vizuri. Tukafanya hivyo jioni zile zote, mimi nikisukuma, yeye akibonyeza. Mstari wa wino uling'ang'ania kwenye ncha hasa; ndipo nilipokuwa nimekiinua zaidi. Ulipofutika wote Baba alisema, "Haya, usiguse tena," kwa sauti ile ya kitaluni ambayo nilikuwa sijaisikia tangu aanguke.

Tulikata kijiti, tukakutanisha, tukainua juani. Mwanga ulionekana upande mmoja. Baba akasema hapo si kisu, hapo ni yeye, kifundo kimepinda. Akabana kiwiko mbavuni. Mama alichukua utepe wake wa kupimia akamfunga kiwiko kwenye kiuno, akasema wateja wake wote huwa wanalalamika hivyo hivyo mwanzoni. Cha nne au cha tano, Shangazi, sikuona mwanga. Nilikipeleka kwa Cheche ili mtu mwingine athibitishe. Alikiinua, akafumba jicho moja, akaniuliza kwa adabu kabisa kama naweza kumnolea patasi.

Mwisho wa Machi Baba alikwenda kwa Miwani akaomba safu moja kabla yule mtu mwingine hajaitwa. Miwani alimpa safu ya ukutani, ile isiyopendwa na mtu kwa kuwa ina kivuli. Alifanya kazi polepole. Wenzake walikuwa wanamaliza kazi zao na kumwambia, mzee, unabebesha au unaandika barua. Akawajibu kwamba barua anaandika binti yake.

Kisha tukasubiri. Nisikudanganye, baadhi ya vijiti vilikufa. Alikuja akatuambia kwanza hivyo vilivyokufa, mezani, kama mtu anayesoma majina. Halafu akasema vingine vimetoa macho ya kijani, na kwamba vya mwishoni mwa safu ni vingi kuliko vya mwanzoni. Miwani alikagua safu yote akiwa ameinama, akavaa miwani zote mbili moja juu ya nyingine, akasema aende taratibu, lakini aende. Mtu mwingine ameitwa pia, kwa kuwa kazi ni nyingi, na Baba ndiye atakayemwonyesha vitalu. Kiti cha langoni kimewekewa ndoo ya maua.

Kidole gumba bado hakijarudi. Mazoezi anaendelea nayo. Anasema hata kikirudi, kisu hakitarudi mkono wa kulia, kwa sababu chuma kilichobaki ni cha mteremko mmoja tu na ameshauzoea huu.

Limebaki jambo moja, na hili nimeagizwa, si langu. Meza za kitaluni zote zimepangwa kwa watu wa mkono wa kulia: vijiti upande huu, tepe upande ule. Miwani amekubali fundi seremala amtengenezee Baba benchi la kushoto. Jana Baba aliniita wakati nanawa miguu, akaniambia nikiandika nikuambie kwamba zamani mlikuwa mnagongana viwiko kila mlipokaa pamoja, yeye kulia, wewe kushoto, na kila mmoja akidhani mwenzake anafanya makusudi. Akasema watu wawili wa kushoto hawagongani. Alisema hivyo, kisha akasema nisiandike, kisha akasema niandike. Nimeandika.

Mimi sina haki ya kukuuliza kwa nini hukuja miaka yote hii, na niliahidi kutochimba. Lakini seremala ameshaleta mbao na ameziegemeza ukutani, na anapita kila asubuhi kutuuliza vipimo. Baba anamwambia asubiri posta. Kwa hiyo naomba unijibu mara tu uipatapo hii, hata kwa neno moja: tumwambie akate benchi la mtu mmoja, au la wawili?